Shotigani za zamani: maswali tunayoulizwa karakanani Tabora

Karakana yetu iko pembeni ya mji wa Tabora. Mbele kuna meza ya ufundi na kabati la chuma, nyuma kuna shamba na mizinga ya nyuki. Tunakarabati shotigani za zamani, zile ambazo wazee wetu wengine huziita bunduki za marisau (vipande vidogo vidogo vya risasi vinavyotoka pamoja), na tunaziuza kwa watu wenye vibali. Maswali yaliyo hapa chini yanatufikia karibu kila wiki kutoka Nzega, Urambo, Sikonge, Kaliua, hata Kasulu na Kibondo. Tumeyajibu kwa kirefu pale panapohitaji urefu.

Babu amefariki na ameacha shotigani ndani. Naweza kuwaletea kesho muikague?

Pole sana kwa msiba. Lakini usiilete kesho, na tafadhali usiipakie kwenye basi wala bodaboda. Leseni ya kumiliki silaha hutolewa kwa mtu, haitolewi kwa nyumba wala kwa ukoo. Mwenye leseni akifariki, hakuna mtu mwingine pale nyumbani anayekuwa na haki ya kukaa na ile bunduki kwa sababu tu ni mtoto au mjukuu. Sheria tunayoifuata sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Kwanza toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Nenda na leseni ya marehemu kama ipo, cheti cha kifo, na mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa akiweza kufuatana nawe. Waeleze silaha iko wapi, kisha wao watakuambia iletwe vipi au waje kuichukua. Usikae nayo ukisubiri arobaini ipite. Ikishakuwa mikononi mwa polisi, familia ina nafasi ya kukaa kikao kwa utulivu: kuna mtu anayetaka kuomba leseni kwa jina lake, iuzwe kwa mwenye kibali, au isalimishwe moja kwa moja? Msimamizi wa mirathi ndiye atakayebeba suala hilo. Sisi tunaingia baada ya hapo, tukiwa na maandishi.

Najua wengi wanaogopa kwenda kituoni. Wanawaza wataulizwa kwa nini ilikaa ndani siku zote hizo. Ninachoweza kusema ni kwamba anayekwenda mwenyewe na karatasi mkononi yuko mahali tofauti kabisa na anayekutwa nayo uvunguni. Serikali pia imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kwa hiyo uliza kituoni.

Mnanunua isiyo na karatasi kama bei ni nzuri?

Hapana. Wala iliyokwanguliwa namba. Bunduki yenye namba iliyofutwa hatuigusi hata kwa kuiangalia tu, na tutakuomba uondoke nayo uende polisi.

Gobore je? Mnatengeneza?

Hapana. Gobore nyingi za huku zimeundwa kienyeji kwa bomba la maji au chuma cha gari. Hazina namba, hazina muhuri wa majaribio, na hakuna fundi anayeweza kukuhakikishia kwamba mtutu wake hautapasukia usoni. Tumeona vidole vilivyokatika. Kama unayo, isalimishe.

Nitajuaje bunduki yangu ilitengenezwa wapi na enzi gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Jibu lake liko upande wa chini wa mitutu, pale ambapo watu hawaangalii. Bunduki ikiwa tupu na umeihakikisha kwa macho na kwa kidole, fundi huondoa kipande cha mbao cha mbele, anaishusha mitutu, anaitenganisha na mwili. Ukiigeuza, karibu na chemba, yaani pale risasi inapokaa, utakuta mihuri midogo midogo imepigwa kwenye chuma. Hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Katika nchi kadhaa za Ulaya, mtutu haukuruhusiwa kuuzwa mpaka upelekwe kwenye nyumba ya majaribio. Pale unapakiwa baruti nyingi kuliko kawaida na kufyatuliwa. Ukistahimili bila kuvimba wala kufunguka, unapigwa muhuri. London wamekuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 17, Birmingham nyumba yao ilianzishwa 1813, na Liège kule Ubelgiji wana yao ya siku nyingi vilevile. Ukiona herufi ELG ndani ya duara lililorefuka kama yai, hiyo imepita Liège. Ukiona taji juu ya herufi BP na BV, hiyo ni Birmingham, kuanzia 1904. Ukikuta namba 12 na herufi C ndani ya umbo la almasi, inapiga risasi namba 12.

Mihuri inakwambia na mambo mengine. Maneno NITRO PROOF maana yake mtutu umejaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi mwingi, si baruti nyeusi peke yake. Maneno NOT FOR BALL yalipigwa kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni, kati ya 1875 na 1887, kuonya watu wasitumie risasi moja kubwa. Ukikuta 3 TONS, mtutu ulipita majaribio baada ya kanuni za 1954. Mtu aliyeikuta bunduki darini anafikiri ni bunduki tu, kumbe ukishasoma mihuri unaweza kujua mji wake na kipindi chake, na kama iliwahi kurudishwa kujaribiwa upya.

Majina yaliyochorwa ubavuni hayatoshi. Jina linaweza kuwa la muuzaji aliyekuwa na duka Nairobi au London, na fundi mwenyewe alikuwa mtu mwingine kabisa kwenye kichochoro cha Birmingham. Usilipie jina kabla ya kuona mihuri.

Mitutu yangu ina michirizi iliyojisokota yenye mawimbi. Ni kutu?

Hapana, hiyo ni mitutu ya Damascus. Fundi alisokota pamoja vipande vya chuma laini na chuma kigumu, akavizungushia kwenye nondo na kuvichomelea kwa nyundo na moto mpaka vikawa bomba. Michirizi ni alama ya vipande hivyo. Hadi karibu na mwaka 1900 ndiyo ilikuwa mitutu ya kawaida kwenye shotigani nzuri.

Ni kazi ya mikono ya kupendeza mno, na mingi ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Kutu inaweza kuingia kwenye maungio ya vile vipande bila wewe kuiona kwa nje. Kwa hiyo ushauri wetu haubadiliki: itunze, ionyeshe wajukuu, usiipige kwa risasi za dukani. Tafadhali usiisugue kwa msasa ukidhani unatoa kutu. Michirizi ikishafutika, kuirudisha ni kazi ndefu ya tindikali na subira, na rangi ile ya zamani haitarudi kamwe.

Risasi inaingia vizuri kabisa kwenye chemba. Si inamaanisha ndiyo yenyewe?

Hapana, na hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Shotigani nyingi za zamani za Uingereza zilitengenezwa na chemba ya inchi mbili na nusu, yaani karibu milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wa ganda umekunjwa, kwa hiyo risasi ya milimita 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kukwama hata kidogo. Bunduki inafunga, kila kitu kinaonekana sawa. Ukifyatua, ganda linataka kufunguka na linakosa nafasi, mdomo wake unaziba njia ya marisau, na msukumo ndani ya chemba unapanda kupita ule uliojaribiwa. Labda haitapasuka leo. Inalegea kidogo kidogo, bawaba inachoka, mpaka siku moja.

Kosa la pili ni baya zaidi. Risasi namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Ikiwekwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa namba 12, inateleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu anafungua, anaona patupu, anadhani alisahau kupakia, anaweka namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unafunguka pale pale mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo maana risasi namba 20 za kisasa kwa kawaida hutengenezwa na ganda la njano. Usichanganye namba mbili kwenye mfuko mmoja, hata kama ni za ndugu yako mliyetoka naye.

Urefu wa chemba tunaupima sisi kwa kipimo chake na kuuandika kwenye kadi inayokwenda na bunduki. Marisau ya chuma nayo usiyatumie kwenye mitutu hii, ni magumu mno kwake.

Mnaikaguaje ikifika?

Kwanza karatasi. Namba iliyo kwenye leseni lazima ifanane na iliyo kwenye chuma.

Halafu tunatoa kipande cha mbao cha mbele, tunafunga bunduki na kuitikisa karibu na sikio. Ikigongagonga pale kwenye bawaba, imelegea, na kulegea kuna ngazi zake: kuna kunakotibika na kuna kunakosema basi. Tunatazama mwanga kati ya mitutu na uso wa mwili. Ukipita mwanga, si nzuri.

Mitutu tunaitenganisha, tunaining'iniza kwa kidole kwenye ndoano yake, tunaigonga taratibu kwa kucha au kijiti. Mitutu mizima inalia kama kengele na mlio unakaa. Ikitoa sauti ya kufa, ya kukatika, ujue lehemu ya bati iliyounganisha mitutu na ule ubavu wa kati imeachia mahali fulani. Halafu tunaielekeza dirishani na kutazama ndani. Vishimo vya kutu, mbonyeo, uvimbe wa mviringo ulioachwa na kitu kilichoziba mtutu siku ya siku, vyote vinaonekana kwenye kivuli cha mwanga ukiizungusha. Mwisho tunapima unene wa ukuta wa mtutu. Chini ya inchi 0.020, yaani karibu nusu milimita, sisi hatuuzi bunduki hiyo kwa ajili ya kupigwa. Inabaki ya kumbukumbu, na tunamwambia mwenyewe bila kumzungusha.

Mitambo ya triga tunaijaribu kwa risasi bandia. Bunduki ya zamani inayojifyatua ikigongwa kitako sakafuni hairudi kwa mwenyewe mpaka itengenezwe.

Nataka ing'ae kama mpya. Mnaweza kuipaka weusi mpya na vanishi?

Tunaweza, lakini tutajaribu kukubadilisha mawazo, na nitaeleza kwa nini.

Thamani ya bunduki ya zamani iko kwenye kile ambacho hakuna mtu amekigusa. Michoro iliyochongwa kwa mkono ubavuni ina kina kidogo sana, chini ya unene wa kucha. Mtu akipitisha mashine ya kung'arishia mara moja, kingo za maua zinalainika, herufi za jina zinakuwa na ukungu, pembe za chuma zilizokuwa kali zinakuwa za mviringo. Mteja anayejua akiishika gizani tu anahisi kwa kidole kwamba imeharibiwa. Nimeona shotigani nzuri ya mfumo wa Anson na Deeley, ule uliobuniwa Birmingham mwaka 1875 na ambao nusu ya dunia iliuiga, imepakwa vanishi ya milango na kung'arishwa mpaka imebaki bila uso. Ilikuwa inafyatua vizuri. Iliniuma hata hivyo.

Kuna na jambo la kiufundi. Bunduki ya mitutu miwili imeunganishwa kwa lehemu ya bati. Ile njia ya haraka ya kutia weusi, ya kuchemsha chuma kwenye chumvi kali za magadi, inakula bati hiyo na kujificha chini ya ubavu, kisha inaendelea kutafuna polepole. Inafaa kwa bunduki za mtutu mmoja usio na maungio. Kwa mitutu miwili weusi sahihi ni ule wa kutu: unaacha chuma kishike kutu nyembamba kwa makusudi, unakichemsha kwenye maji safi ili kutu igeuke kuwa nyeusi, unasugua kwa brashi laini, unarudia. Ni kazi ya siku kadhaa, na tunaifanya pale tu ambapo weusi wa zamani umekwisha kabisa.

Kwa hiyo tukipokea bunduki, kazi yetu kubwa ni kusafisha. Mafuta yaliyoganda tangu enzi za mkoloni, masizi, uchafu kwenye michoro, tunautoa kwa mswaki laini na mafuta mepesi. Mara nyingi mwenyewe anashangaa rangi iliyokuwa chini yake.

Kitako kimepasuka. Lazima kiwe kipya?

Mara chache sana. Nyufa nyingi huanza nyuma ya mwili wa chuma, pale mbao ilipoloweshwa na mafuta kwa miaka. Watu walikuwa wakimwaga mafuta mengi na kuisimamisha bunduki mdomo juu, mafuta yakateremka kwenye mbao na kuifanya laini. Tunayavuta kwa joto na unga wa chaki, ufa unaunganishwa kwa gundi na kijiti cha ndani. Mbonyeo mdogo hauhitaji msasa: weka kitambaa kibichi juu yake, pitisha pasi ya moto, mvuke unaivimbisha mbao na kurudi mahali pake.

Ikibidi kitako kipya, mbao ya asili ni walnati, mti ambao miombo yetu haina. Sisi tunatumia mninga. Nasema hivi kwa kujivunia, kwa sababu mninga ni mbao ya kwetu na inafaa kweli: ikikauka vizuri haicheziki sana, haipindi, mchwa hawaupendi moyo wake, na uzito wake hauko mbali na walnati. Rangi yake ya kahawia yenye mistari inakaa vizuri kando ya chuma cha zamani. Tunanunua mninga wenye karatasi za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) tu, tunauacha ukauke kivulini kwa muda mrefu. Vumbi lake linawasha pua, vaa barakoa.

Kitako kipya hatukifanyi kionekane cha zamani ili kumdanganya mnunuzi. Kwenye kadi tunaandika: kitako cha mninga, Tabora.

Mnapaka nini kwenye mbao?

Mafuta ya linsidi na nta ya nyuki. Nta ni ya hapa hapa, na si jambo jipya, nta ya Tabora imekuwa ikipanda meli kwenda nje tangu enzi za ukoloni. Linsidi inapakwa tone moja moja kwa kiganja, unasugua mpaka kiganja kipate moto, unaacha ikauke, unarudia kesho yake. Ukipaka nyingi kwa mara moja inabaki inanata na inavuta vumbi. Nta inakuja mwisho kabisa, imeyeyushwa na tapentaini kidogo, kuzuia unyevu wa mvua.

Vitambaa vilivyolowa linsidi usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye maji.

Niitunzeje nyumbani, hasa kipindi cha mvua?

Huku kwetu mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, halafu kiangazi kinakausha kila kitu. Vyote viwili vina madhara yake. Wakati wa mvua chuma kinashika kutu usiku mmoja tu baada ya kuguswa na mkono wenye jasho. Wakati wa kiangazi mbao inasinyaa na skrubu zinalegea. Usizikaze kwa nguvu mwezi wa tisa, mvua zikirudi mbao itavimba na kupasuka.

Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi au turubai. Mkoba ni wa safarini. Ukifungiwa ndani unashikilia unyevu na kuulisha mtutu. Iweke kwenye kabati la chuma lililofungwa na kukazwa ukutani, mbali na risasi zake, mdomo ukiwa chini ili mafuta yasiteremke kwenye mbao. Ufunguo ukae na wewe, watoto wasijue hata mahali kabati lilipo. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo mara moja kwa mwezi, na kila unapoishika.

Kila unapoitoa, tazama ndani ya mtutu kabla ya kupakia. Nyigu wa udongo hupenda matundu ya ukubwa ule, na kiota chao kikikauka ni kigumu. Mtutu uliozibwa na udongo ukifyatuliwa unavimba au kupasuka. Sekunde tano za kutazama zinatosha.

Kwa mtu wa kijijini, mnapendekeza ya Uingereza au Baikal?

Kwa kazi, Baikal. Zinatengenezwa Izhevsk, Urusi, mitutu yake ni minene, chemba nyingi ni za milimita 70, vipuri vinapatikana, na IZh-18 ya mtutu mmoja haina mengi ya kuharibika. Greener GP ya Birmingham, yenye mtutu mmoja na wenzo wa Martini chini yake, nayo ni ngumu sana, na ukipata nzima ishike. Ya mitutu miwili ya Uingereza au ya Suhl, Ujerumani, nunua kwa sababu unaipenda.

Nani anaweza kununua kwenu, na inachukua muda gani?

Mwenye kibali cha kununua kilichotolewa na mamlaka husika, hata kama tunafahamiana tangu utoto. Maombi kwa kawaida yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kamati za ulinzi na usalama, yanafika kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kupanda mkoani na kwa msajili. Unachukuliwa alama za vidole, tabia yako inaulizwa. Muda hauko mikononi mwetu. Bunduki uliyoichagua tunaweza kukutunzia huku ukifuatilia, bila malipo ya awali, kwa sababu ombi linaweza kukataliwa. Hatuuzi kwa kutuma, na hatukabidhi mtu mwingine kwa niaba yako.

Nguruwe pori wanamaliza mahindi. Nikipata leseni ya silaha nitaruhusiwa kuwapiga?

Leseni ya silaha na leseni ya kuwinda ni vitu viwili. Wanyamapori wote, hata kanga na kwale wa porini, wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa. Kwa nguruwe, ngedere na nyani wanaoharibu mazao, anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kwa tembo na nyati, piga simu na ukae mbali. Marisau hayamzuii nyati, yanamkasirisha. Kwa wenzetu wa Sikonge na Kaliua wanaopakana na Ugalla, ambayo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, kuingia na silaha ndani ya mipaka yake ni kosa kubwa. Usiseme ulikuwa unafuata mizinga yako.

Bunduki hizi zilifikaje huku ndani, mbali na bahari?

Kwa miguu kwanza. Karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilipeleka pembe pwani na kurudi na nguo, shaba na bunduki za kupakia mdomoni, nyingi zikiwa kazi ya Liège na Birmingham zilizopitia Zanzibar. Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, alijenga nguvu yake kwa rugaruga, yaani wapiganaji wake, wenye bunduki hizo. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipovunja boma lake Januari 1893, aliwasha ghala lake la baruti kuliko kukamatwa.

Shotigani zenyewe, za kupakia nyuma, zilikuja zaidi na reli. Treni ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Zikaja na maofisa, wamisionari, wafanyabiashara, baadaye walowezi wa tumbaku na watu wa mradi wa karanga wa Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940. Walipoondoka waliwauzia au kuwaachia watemi, makarani, walimu na mafundi wa reli. Ndiyo maana hadi leo shotigani nzuri kuliko zote tunazozipokea zinatoka kwenye familia za watu wa reli, zikiwa zimefungwa ndani ya blanketi la kijeshi.

Ninayo iliyokaguliwa. Itauzwa bei gani?

Hatutaji bei bila kuishika. Kinachopandisha bei ni mitutu minene yenye ndani safi, mihuri inayosomeka, mbao ya asili, michoro mikali na karatasi zisizo na pengo. Kinachoshusha ni vishimo, kulegea, kitako kilichokatwa, na chuma kilichopitishwa mashine ya kung'arishia. Mitutu iliyofupishwa kwa msumeno hatununui kabisa.

Kwa nini mwezi wa tano na wa sita mnachelewa kujibu?

Mvua zikikatika asali inakuwa imeiva, na tunakwenda porini kupakua mizinga. Tunakaa kambini siku kadhaa, simu hazishiki. Karakana inafungwa, silaha zote zinabaki kwenye kabati chini ya utaratibu tuliokubaliana na polisi, na hakuna bunduki inayotoka wala kuingia mpaka turudi. Mwezi wa kumi na moja tunapanda mahindi, lakini asubuhi tu. Mchana mezani tupo. Ukileta kazi kiangazi, baada ya asali, ndipo weusi wa kutu na mafuta ya linsidi tunavifanya kwa nafasi.

Nipige picha zipi kabla ya kuja?

Hakikisha ni tupu, na leseni iko kwa jina lako. Piga nje kivulini, si kwa taa ya simu, maana mwanga wa simu unafuta michoro. Tunahitaji ubavu wote wa kulia na wa kushoto, juu ya mitutu palipo na maandishi, shingo ya kitako kwa karibu, na mdomo wa mitutu ukiwa umeelekezwa pembeni. Kama unajua kuitenganisha, piga na mihuri ya chini, na weka sarafu kando yake tupate kipimo. Kama hujui, iache ilivyo, tutaifungua wenyewe mbele yako. Usiipanguse kabla ya kupiga picha.